Nahau Kwanza, Maana Baadaye

Nchi yenyewe siitaji. Si kwamba naiogopa, la hasha. Ni kwamba wenyewe wanapenda kutajwa na watu waliopewa kibali cha kuwataja, na kibali changu bado kinashughulikiwa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina barabara ya lami inayotoka Ikulu hadi uwanja wa ndege, kisha inarudi Ikulu.

Kwa barabara hiyo Mtukufu Kiongozi alikwenda mkutanoni ng'ambo, akarudi amekasirika. Ilikuwa hivi. Wakubwa wa dunia walikuwa wamekaa wanakunywa kahawa, nje mvua inamwagika, na mmoja wao akasema kwa Kiingereza kwamba leo inanyesha paka na mbwa. Waingereza ndivyo wanavyosema mvua ikiwa kubwa. Wamezoea, hawaoni ajabu. Mtukufu Kiongozi hakuwa amezoea. Akainuka akaenda dirishani kutazama, na mlinzi wake akamfuata ameshakoki bastola kwa ajili ya mbwa. Watu wazima wakacheka mpaka kahawa ikawatoka puani.

Aliporudi alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "tulidhani tunabaki nyuma kwa sababu ya umaskini. Uongo mtupu! Tunabaki nyuma kwa sababu ya nahau." Akaagiza kila raia azungumze kwa nahau za Kiingereza ili dunia itushikie adabu. Waziri wa Fedha akakaa na wataalamu wake, akarudi na taarifa kwamba Kiingereza chenyewe ni ghali mno, hazina haikiwezi. Lakini nahau zake peke yake, zikitafsiriwa neno kwa neno, zinawezekana. Kazi ikagawanywa mafungu mawili. Awamu ya Kwanza, nahau. Awamu ya Pili, maana zake.

Awamu ya Kwanza ilifika kwa wakati, ikagawiwa bure mpaka vijijini. Awamu ya Pili ikakwama kwenye zabuni.

Kuna watu walinung'unika kwamba watasemaje maneno wasiyojua maana yake. Mimi sikuona tatizo. Wangapi wamejengewa shule zisizo na walimu, na watoto wanaingia wanatoka, na matokeo yanatangazwa? Ofisi zote zikabandika tangazo dirishani: NAHAU KWANZA, MAANA BAADAYE. Mitaani wakamwagwa wakaguzi wenye filimbi, na mtu akikutwa anasema jambo kavukavu, bila nahau, anapulizwa filimbi mbele ya wakwe zake.

Katika nchi hiyo alikuwako mwalimu mstaafu, Nestori Luhende, aliyefundisha Kiingereza tangu enzi ambazo kukijua hakukuwa kosa. Maana zote alikuwa nazo kichwani, na hilo ndilo lililokuwa balaa lake, kwa sababu sheria ilisema maana ni mali ya serikali mpaka mzabuni atakapoikabidhi, na atakayekutwa anatoa maana uchochoroni anahujumu uchumi. Basi mwalimu akafunga mdomo. Asubuhi akitoka kununua mkate, jirani anampungia mkono. "Vunja mguu, Mwalimu!" Naye anajibu, "Na wako pia." Jirani hakujua kwamba Mwingereza akikwambia hivyo anakutakia heri, hasa kama unapanda jukwaani. Alichojua ni kwamba mkaguzi yuko pale kwenye kona.

Aliyemponya Nestori ni mkewe, Dafroza. Hawakujaliwa mtoto, wala ndugu wa karibu hawakuwa nao. Walikuwa wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili, na jikoni kwao, mlango ukishafungwa, palikuwa nchi nyingine kabisa. Dafroza alikuwa mama mnene, mwenye sauti, na mapishi yake yalikuwa na chumvi ambayo aliikana miaka yote ya ndoa. Redio ikisema kwamba waziri fulani amemwaga maharage, anaizima.

"Haya, Mwalimu. Hiyo nayo maana yake nini?"

"Ametoboa siri."

"Mh! Yule? Siri gani anayo yule zaidi ya kwamba hana akili, na hiyo si wote tunaijua?" Hapo anaanza kucheka, mwili mzima unacheka, mpaka ashike mlango asianguke. "Mtu mzima, kavaa tai, anatangaza maharage! Niletee nyingine."

Nestori alikuwa akimletea nyingine. Alikuwa akizitafuta kutwa, kwenye magazeti na hotuba, anazihifadhi za kumpelekea jioni. Hakuwahi kumwambia kwamba ndiyo kazi pekee aliyoipenda tangu astaafu.

Kisha Dafroza akashikwa na homa. Wakaenda zahanati. Daktari alikuwa kijana mstaarabu, akampima vizuri, akatazama mlangoni kama mkaguzi yupo. Alikuwepo.

"Mama yuko chini ya hali ya hewa," daktari akasema.

Nestori aliijua hiyo. Maana yake mtu hajisikii vizuri, na hilo walilijua kabla hawajatoka nyumbani. "Sasa dawa, daktari?"

"Dawa inategemea maana, mzee wangu, na maana iko kwenye zabuni. Kwa sasa asikae nje sana."

Njiani Dafroza akamshika mkono. "Kumbe ugonjwa wenyewe ni wa nje," akasema. "Basi tukifika ndani nimepona." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Juma lile lile alifariki, alfajiri, akiwa amemshika mumewe kidole kimoja tu, sijui kwa nini kimoja. Nestori hakukiondoa kidole chake mpaka majirani walipokuja kukiondoa wao.

Msiba ulisimamiwa na serikali ya kata, kama ulivyo utaratibu. Afisa Mtendaji, Bwana Kachenje, alikuja na kipaza sauti na suti nyeusi iliyombana kwapani. Alikuwa mtu wa haki: hakuwahi kulala msiba wa mtu wala kukosa mlo wake. Akapanda juu ya benchi.

"Ndugu waombolezaji," akasema, "kwa masikitiko makubwa, mama yetu Dafroza amepiga teke ndoo."

"Amepiga teke ndoo!" umati ukaitikia, na vilio vikapasuka.

Nestori akainamisha kichwa. Hiyo, jamani, Mwingereza haisemi msibani. Huisema baa, kwa mzaha, juu ya mtu asiyemhusu. Ukimwambia mfiwa hivyo, utatolewa nje kwa kofi. Lakini wizara ilikuwa imegawa nahau moja tu ya kifo, na ndiyo hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akisuka nywele pamoja na Dafroza akajitupa chini. "Uwii, Dafroza! Umepiga teke ndoo, mwenzangu, umeniachia nani!" Machozi yalikuwa ya kweli, kamasi za kweli. Makaburini, badala ya shada la maua, serikali ya kata iliweka ndoo mpya ya plastiki, ya bluu, na Bwana Kachenje akaisimamia dakika nzima kwa heshima.

Nestori akamgeukia mkewe ili amnong'oneze. Hivyo ndivyo alivyozoea, jambo likiwa la kijinga kiasi hicho, kugeuka upande wa kushoto. Upande wa kushoto alikuwa amekaa karani wa kata, anakula karanga.

Pale ndipo alipoelewa kwamba amefiwa. Aliwatazama wale watu wote wanaolia bila kujua wanasema nini, akawaonea wivu. Yeye alijua, na machozi hayakuja.

Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika, na baada ya hapo hakuna aliyekuja. Msiwalaumu. Mtu haendi kumpa mfiwa pole mdomo mtupu, na nahau za pole, kontena zima, zilikuwa zimezuiliwa bandarini kwa ajili ya ushuru. Waliokuwa wakimpenda walibadilisha njia wasikutane naye. Waliompenda zaidi walisimama mbali, wakamtazama kwa huruma, wakaenda zao. Nestori akapika ugali wa watu wawili, akala wa mmoja, akamwaga uliobaki. Siku nyingine aliiuliza redio, "Haya, na hiyo maana yake nini?" akajijibu mwenyewe kwa sauti, na jibu lilipotoka lilikuwa kavu, halichekeshi hata kidogo.

Ndipo jioni moja mlango wa jikoni ukagongwa, ule wa uani. Alikuwa Bwana Kachenje, hana suti, amevaa fulana.

"Hodi, Mwalimu. Nimekuja kama mtu, si kama serikali."

"Karibu mtu."

Kachenje akakaa, akachungulia dirishani, akanong'ona. "Mwalimu, leo kwenye kikao Mkuu wa Wilaya kaniambia mbele za watu kwamba natembea juu ya barafu nyembamba. Mimi barafu naijua ya kwenye friji tu. Nikamshukuru. Nilimshukuru sana, Mwalimu, nikainama. Lakini wenzangu wakanitazama vibaya. Naomba maana. Nakuficha mimi, usiogope."

Nestori angeweza kusema hapana, na angekuwa salama. Lakini mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, anapumua, na nyumba ilikuwa na miezi haijapumua.

"Nitakupa," akasema. "Ila kwanza kunywa chai. Na unieleze habari za Dafroza."

"Habari zipi?"

"Zozote. Kawaida tu. Kavukavu."

Kachenje akakuna kichwa. Alikuwa hajasema kavukavu siku nyingi, na mwanzoni alikuwa kama mtu anayevaa viatu vilivyolowa. "Alinifukuza na ufagio," akasema hatimaye. "Nilikuja kuchangisha fedha za mbio za mwenge. Akaniuliza mwenge unawaka kwa mafuta au kwa shilingi. Nikamwambia huo ni uchochezi, mama. Ndipo akachukua ufagio. Nikakimbia na ndala moja, na kesho yake akaniletea ile nyingine ofisini, kaiosha."

Nestori akacheka. Akacheka, na katikati ya kucheka yale machozi yaliyokataa makaburini yakashuka, yakaendelea kushuka, na Kachenje akawa anaitazama chai yake kwa adabu. Baadaye akapewa maana yake: mwenye kutembea juu ya barafu nyembamba yuko hatarini, kosa dogo tu na kazi hana.

"Na mimi nilimshukuru!" Kachenje akapiga kelele, akaondoka mbio.

Siri ikatoka, kama zinavyotoka zote. Jioni zikawa na foleni uani. Alikuja mwalimu mkuu aliyeambiwa na mkaguzi kwamba kuikagua shule yake ni kipande cha keki, akaleta sahani, kumbe Mwingereza husema hivyo kwa kazi rahisi. Akaja bwana harusi ambaye baba mkwe alimwambia atamwoza binti nguruwe watakaporuka, yaani kamwe, naye alikuwa ameshaanza kuwafuatilia nguruwe wa mtaa mzima. Kila mmoja akakuta masharti ni yale yale: chai, kiti, habari za Dafroza, ndipo maana. Nestori akaanza kunyoa ndevu tena. Akanunua sukari.

Lakini watu wana haraka zao. Wengi hawakumjua Dafroza, na waliomjua walimaliza habari zao mapema. Wakaanza kutunga. Mmoja akasema marehemu alikuwa mpole sana. Dafroza, mpole! Mwingine akasimulia jinsi alivyoimba kwaya, sauti ya kwanza, watu wakazimia. Wa tatu akatoa habari ndefu ya Dafroza kumwokoa mtu mtoni, na Nestori akamsikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa mtu wa heshima. Haukupita muda, pale kijiweni kukawa na kijana anayeuza habari za Dafroza zilizo tayari, fupi na ndefu, za kuchekesha na za kuliza. Watu walizikariri kwenye foleni. Jioni moja Nestori alisimuliwa ile ya mtoni mara tatu, na kila mara mto ulikuwa mwingine.

Usiku ule alipofunga mlango alijaribu kumkumbuka mkewe anavyotembea, na aliyemjia kichwani alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, amelowa maji. Akaogopa. Akakaa kitandani akalitamka jina lake kwa sauti mpaka yule mwanamke alipoondoka.

Akaamua kuufunga mlango wa uani. Hakuwahi. Kesho yake serikali ilitangaza Awamu ya Pili.

Zabuni ilimwangukia shemeji yake Waziri wa Nahau, mfanyabiashara wa mabati, mtu mwaminifu ambaye hakuwahi kusoma Kiingereza na kwa hiyo hakuwa na upendeleo. Alifanya kazi kwa bidii, peke yake, hotelini. Maana zikasomwa redioni kuanzia asubuhi hadi taarifa ya habari. Kipande cha keki: fungu la bajeti. Kuuma risasi, ambako kwa Mwingereza ni kuvumilia maumivu: jeshi kucheleweshewa mgao wa chakula. Nguruwe watakaporuka: siku ya uzinduzi wa shirika la ndege la taifa. Kumwaga maharage: kosa la mpishi, adhabu yake kukatwa mshahara.

Na kupiga teke ndoo: kupandishwa cheo. Msemaji wa wizara alieleza hata mantiki yake, maana si watu wa kukurupuka. Apigaye teke ndoo, alisema, hachoti tena maji, na asiyechota maji ni mkubwa.

Uani hakuja mtu. Maana zilikuwa bure sasa, za serikali, zina muhuri. Nani atakunywa chai ya mstaafu kwa ajili ya zile za magendo? Lakini siku ya pili Nestori alisikia ngoma. Akafungua mlango wa mbele akaona mtaa mzima umekuja, akina mama wamevaa sare, na yule aliyejitupa chini msibani yuko mbele, anapiga vigelegele.

"Hongera, Mwalimu! Hongera jamani! Na sisi tulilia, wajinga sisi!"

Turubai likafungwa. Viti vikapangwa, na katikati kikawekwa kiti chenye kitambaa cheupe, kitupu, kwa ajili ya Dafroza endapo majukumu yake mapya yangemruhusu kufika. Bwana Kachenje akapanda benchi lile lile na suti ile ile.

"Ndugu wananchi! Serikali inathibitisha kwamba mama yetu Dafroza Luhende amepandishwa cheo. Ni heshima kwa kata yetu. Ofisi aliyopangiwa itatangazwa na mamlaka husika kwa wakati muafaka. Tunamwomba tu asitusahau huko juu aliko."

Makofi. Nestori akamvuta Kachenje chini kwa mkono wa suti. "Kachenje," akamnong'oneza, "wewe si ulishika kamba ya jeneza?"

"Niliishika, Mwalimu."

"Ulimwona."

"Nilimwona." Kachenje akatazama pembeni. "Lakini sasa maana imetoka, Mwalimu. Nifanyeje? Mimi si ndiye niliye juu ya barafu?" Kisha akainua kipaza sauti, akasema kwa furaha kwamba mume wa mheshimiwa ana neno.

Nestori akakipokea kile kipaza sauti. Kilikuwa na uzito, na kilikuwa na joto la mkono wa mwenzake. Aliangalia kile kiti chenye kitambaa. Angeweza kusema asanteni, akapewa soda, akakaa. Wangemwacha. Lakini wakishamwacha, Dafroza atakuwa bosi mahali fulani, mwembamba, mpole, anaogelea, na hakuna mtu duniani atakayejua kwamba amekufa isipokuwa yeye. Na yeye akifa, hata hilo litakuwa limekwisha.

"Mke wangu amekufa," akasema. "Nimebaki peke yangu."

Ngoma zikanyamaza. Hakuna aliyesogea, na hata mkaguzi alikuwa ameishusha filimbi. Muda huo mfupi Nestori aliamini kabisa kwamba wamesikia. Aliziona nyuso zao zinaanza kulegea, akamwona yule mama wa vigelegele anafumbua mdomo. Akamsubiri.

Karani wa kata akaanza kupiga makofi.

"Nahau mpya!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Jamani, ni mpya! Hiyo hatujaisikia!" Na turubai likalipuka. Watu wakairudia, wakaigawana, wakaifanyia mazoezi kwa kiitikio na ngoma juu yake.

"Si nahau!" Nestori akasema kwenye kipaza sauti. "Ni kweli!"

"Si nahau, ni kweli!" wakaitikia kwa pamoja, wakifurahi zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa na majibu.

Jioni nahau ile ilikuwa redioni. Mtukufu Kiongozi mwenyewe aliisifu kuwa nahau ya kwanza iliyozalishwa nchini kwa malighafi ya ndani, akaahidi kwamba maana yake itashughulikiwa katika Awamu ya Tatu. Kufikia mwisho wa juma taifa zima lilikuwa limeacha kuvunjiana miguu. Nestori akitoka kununua mkate, jirani anampungia mkono, meno yote nje: "Mke wangu amekufa, Mwalimu! Nimebaki peke yangu!" Na Nestori, kwa kuwa mkaguzi yuko kwenye kona, anajibu, "Si nahau, ni kweli." Muuza mkate humwambia. Watoto humwambia wakienda shule, kwa mstari, wameshikana mikono. Bwana harusi yule wa nguruwe aliisema kanisani, na bibi harusi akatabasamu.

Maneno mengine ya kuusema msiba wake hakuwa nayo. Alikuwa nayo hayo tu, na wameyachukua. Akawa hasemi. Akirudi nyumbani anakaa jikoni bila kuwasha taa, redio imezimwa, na hata jina la mkewe aliliogopa kulitamka asije akasikika dirishani likaokotwa nalo.

Basi akaitwa ofisi ya kata kupokea nishani. Ubunifu wa nahau, daraja la pili. Akavaa koti, akaenda, akakaa kwenye benchi na wengine kusubiri kuitwa jina. Kila aliyefika dirishani alisema ile ile, karani akaitikia bila kuinua macho, akagonga muhuri, anayefuata.

Akafika mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga kiunoni, mkononi ana mfuko wa plastiki. Akasema polepole.

"Mume wangu amekufa. Nimebaki peke yangu."

Karani akainua macho. "Mke, mama."

"Nini?"

"Ni 'mke wangu amekufa'. Wewe umesema mume. Rudia vizuri."

"Mimi sina mke, baba. Nilikuwa na mume."

"Mama, nahau haibadilishwi kwa matakwa ya mtu. Kila mtu akija na yake hapa tutafika? Nenda kakae pale ufanye mazoezi. Ikikaa sawa mdomoni, rudi."

Watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Yule mama akatazama huku na huku, akaja kwenye benchi, akakaa mwishoni kabisa, mfuko mapajani. Midomo yake ikaanza kucheza. Mke wangu. Mke wangu. Ikafika mahali ikagoma, akaanza upya.

Nestori akasogea. Watu wawili walikuwa katikati yao. Akawaomba radhi, wakampisha. Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni na filimbi mdomoni. Nestori alimwona vizuri sana.

"Alikuwa anaitwa nani?" akamuuliza.

Yule mama akaacha kufanya mazoezi. Akamtazama huyu mzee mwenye koti kwa muda, kama anayetafuta mtego uko wapi, na hakuuona.

"Mahimbo," akasema. "Fundi viti. Na kwetu hakuna kiti hata kimoja kizima, baba, hata kimoja." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kila siku nitakitengeneza kesho. Jumapili alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa uji, ananiambia kesho. Na wako?"

Filimbi ikalia. Dirishani karani alikuwa anaita kwa mara ya pili Nestori Luhende, Nestori Luhende, aje achukue nishani yake.

"Dafroza," Nestori akasema. "Alikuwa analala na soksi mwaka mzima, na joto lote hili. Nikimuuliza, anasema miguu ni yake." Naye yule mama akacheka, akamsogelea ili amsikie vizuri, kwa sababu ile filimbi ilikuwa bado inalia.